Wazazi hawaoni ujumbe wa shule: tununue mfumo gani?

SWALI: Mimi ni naibu mwalimu mkuu wa sekondari moja ya kutwa hapa Busia, upande wa Uganda. Upepo uling'oa paa la jengo letu la madarasa manne, kwa hiyo S.1 hadi S.3 (kidato cha kwanza hadi cha tatu) wanakuja kwa zamu: wiki moja darasani, wiki moja nyumbani na karatasi za kazi pamoja na masomo mafupi ya WhatsApp. Wanafunzi wa zamu ni 372. Kundi la wazazi tunalo, lakini karibu nusu hawamo, na waliomo wanabishana kuhusu karo. Kila Jumatatu nakuta getini watoto ambao si wiki yao. Sasa muuzaji mmoja ametuletea mfumo wa kulipia kila muhula, wenye programu ya simu kwa ajili ya mzazi, na bodi inasubiri maoni yangu. Tununue? Na tukinunua, tuangalie nini?

JIBU: Mwalimu, poleni kwa paa. Waambie bodi wasinunue, angalau si muhula huu. Sisemi mfumo ni mbaya, maana sijauona. Lakini kitu cha kwanza atakachoomba huyo muuzaji ni faili la Excel lenye namba za wazazi, na kwa unavyoeleza nashuku kwamba shida yenu yote imelala ndani ya faili hilo. Mtoto anayefika getini wiki isiyo yake, mara nyingi ujumbe wake ulitumwa vizuri kabisa, ila ulikwenda kwa mtu asiyeishi naye.

Fungua rejesta uangalie namba iliyoandikwa kwa kila mtoto. Wakati wa kuandikisha, mzazi hutoa namba ya anayelipa karo, kwa sababu anadhani shule itampigia kuhusu pesa tu. Basi unakuta namba ni ya mjomba aliye Kampala, na mtoto anakaa na bibi yake kule Masafu. Mjomba akisoma "S.2 wabaki nyumbani wiki hii", anasema sawa, anarudisha simu mfukoni. Bibi hajui lolote. Kwa hiyo weka safu mbili: anayelipa, na anayelala nyumba moja na mtoto. Ujumbe wa zamu na wa kazi za nyumbani uende kwa huyu wa pili. Wa karo uende kwa wa kwanza. Ukitenganisha hivyo, hata ule ubishi wa kwenye kundi utapungua.

Ninyi wa mpakani mna mtego mwingine ambao sisi wa Jinja hatuna. Wazazi wengi Busia wana laini mbili, moja ya Uganda na moja ya Kenya, na namba nyingi za nchi zote mbili zina tarakimu kumi zinazoanza na 07. Namba inayoanza na 0701 inaweza kuwa Airtel ya Uganda, na inaweza pia kuwa Safaricom ya Kenya. Karani akiandika 0701 bila msimbo wa nchi, mfumo wa SMS wa Uganda utaichukulia kuwa ya Uganda, na habari za mtoto wa watu zitamfikia mtu Mbarara asiyeijua hata shule yenyewe. Andikeni 256 au 254 mbele ya kila namba, na mwulizeni mzazi ni laini ipi inayokaa hewani akiwa nyumbani. Namba za 254 ziwekeni kwenye orodha ya peke yake, kwa kuwa watoa huduma wa SMS za jumla kwa kawaida huzitoza bei nyingine au huzikataa kabisa.

Halafu kuna Excel yenyewe. Ukiandika 0772 na tarakimu zinazofuata, inafuta ile sifuri ya mbele. Ukiandika tarakimu kumi na mbili zinazoanza na 256, inakuonyesha kitu kama 2.56772E+11, na karani mwenye haraka anakinakili hivyo hivyo. Kabla ya kuingiza namba hata moja, chagua safu nzima uifanye ya maandishi, yaani Text. Na faili likishahifadhiwa kama CSV, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, usilifungue tena kwa kulibofya mara mbili, maana namba zitaharibika upya.

La kupanga orodha nalisema kwa uchungu. Mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi, nilikuwa nasaidia shule moja kutuma taarifa za wanafunzi kwa wazazi. Usiku nikapanga majina kwa alfabeti. Nilichagua safu ya majina peke yake, Excel ikaniuliza kama nataka kupanua uteuzi, nami kwa usingizi nikakataa. Majina yakahama, namba zikabaki palepale. Asubuhi kila mzazi alipokea alama za mtoto wa mwenzake. Baba mmoja alinipigia akicheka, eti binti yake amepata alama nzuri kweli, tatizo ni kwamba yeye ana wavulana watupu. Wengine hawakucheka. Tangu siku ile kila orodha ninaifanya jedwali kwa Ctrl+T kabla ya kuigusa, na najitumia mimi mwenyewe mistari mitatu ya mwanzo kabla ya kutuma kwa watu.

Kosa kama lile si la aibu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia taarifa binafsi za mtoto. Tengenezeni fomu ya nusu ukurasa, mzazi asaini siku anapokuja kuhakiki namba zake. Mtakuwa mmemaliza mambo mawili kwa safari moja ya boda.

Rejesta ikishanyooka, njia kuu iwe SMS, si WhatsApp. Tangu Julai 2021 bando la intaneti lina ushuru wa asilimia 12, na hata bila ushuru, mzazi hununua bando siku ambayo biashara imekwenda vizuri. SMS haimdai kitu. Inafika kwenye simu ya batani, inafika bando likiwa limeisha, na intaneti ilipozimwa nchi nzima kwa siku kadhaa Januari 2021, waliokuwa wanategemea makundi ya WhatsApp walibaki wanatazamana.

Ila SMS ina hesabu yake. Ujumbe mmoja ni herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi, unakatwa vipande vya herufi 153, na kila kipande kinalipiwa. Hiyo ni kwa herufi za kawaida. Ukiingiza alama moja tu iliyo nje ya orodha ya kawaida, ujumbe wote unabadilishiwa usimbaji na kikomo kinashuka hadi 70, au 67 kwa kila kipande ukigawanywa. Emoji moja ya mikono iliyofumbatana inatosha kufanya hivyo. Na sisi waandishi wa Kiswahili tuna mchawi wetu wa nyumbani: ile alama ya king'ong'o. Ukiandika "ng'" kwenye Word, inaigeuza alama ile kuwa ya kupinda. Ukinakili na kubandika, ujumbe wako wa herufi 150 unakuwa vipande vitatu. Tuseme mnatozwa shilingi 40 kwa kipande: kwa wazazi 372 ni shilingi 14,880 mkituma kipande kimoja, na 44,640 mkituma vitatu. Kwa wiki kumi na mbili ni 178,560 dhidi ya 535,680. Tofauti hiyo ni karatasi nyingi sana za kurudufia. Andikeni moja kwa moja kwenye kisanduku cha kutumia ujumbe, au pitishieni kwanza kwenye Notepad mrudishe alama iliyonyooka.

Mfano wa ujumbe wa Alhamisi jioni:

"S2B: zamu ya darasani ni Jtatu hadi Ijumaa. Mtoto aje na kazi ya Bayolojia, karatasi 2. Kama hajaipata, bipu namba ya shule. Mwl wa darasa."

Hapo ni herufi 139. Pale penye "namba ya shule" wekeni namba yenyewe. Angalia kwamba hakuna "Mzazi mpendwa" wala "Uongozi wa shule unapenda kuwataarifu". Darasa limekuja kwanza, kwa sababu mama mwenye watoto watatu kwenu anataka kujua ni yupi anayehusika kabla hajaendelea. Na siku isibadilike. Ikiwa ni Alhamisi, iwe Alhamisi hata kama hakuna jipya, ili asiyepata ujumbe ajue kuna kitu kimepotea.

Hiyo bipu nimeiweka kwa makusudi. SMS za jumla zinazotumwa kwa jina la shule badala ya namba (jina lenyewe halizidi herufi 11) hazijibiki. Mzazi anaandika jibu, halifiki popote, naye anahitimisha kwamba shule inamdharau. Tafuteni simu moja ya bei nafuu yenye laini yake, ikae ofisini, na mtu mmoja mwenye zamu awapigie waliobipu kuanzia saa kumi na moja hadi saa moja jioni. Awe na daftari la kawaida: nani, mtoto yupi, alisema nini. Ukisoma daftari hilo kila Ijumaa utajua mengi kuliko yatakayoonyeshwa na ile dashibodi ya muuzaji.

WhatsApp msiitupe. Fungeni kundi liwe la matangazo, wasimamizi tu ndio wanaoandika, na karo isitajwe humo kamwe. Usidanganyike na orodha ya matangazo ya WhatsApp ukadhani itachukua nafasi ya SMS: inabeba watu 256, na anayepokea ni yule aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake peke yake. Masomo yapelekeni kwa sauti ya dakika moja au mbili, na kazi iwe imechapwa, si picha ya ubao iliyopigwa kwa pembeni. Nimewahi kuona PDF ya kurasa nne iliyotengenezwa kwa picha ikafika megabaiti 18. Ilipochapwa upya ilikuwa chini ya nusu megabaiti.

Sasa, wazazi kushiriki, si kupokea habari tu. Hapa teknolojia inaishia mapema. Nyumba nyingi anayeshika simu na kusoma ujumbe wa shule ni mwanafunzi mwenyewe, na asiyetaka kazi ya Bayolojia ionekane anajua kufuta. Dawa ninayoiamini ni sauti ya mwalimu wa darasa. Kama kila mkondo una watoto kama 46, mwalimu akiwapigia wazazi watano jioni, mara mbili kwa wiki, ndani ya wiki tano amewamaliza, na kabla muhula haujaisha amewazungukia tena. Mpeni muda wa maongezi, asitoe mfukoni. Azungumze lugha ya mzazi: Kisamia, Kiganda, Kiswahili, chochote kinachotiririka. Na simu ya kwanza isiwe ya lawama, la sivyo ya pili haitapokelewa.

Aombe nini kwenye simu hiyo? Asiombe mzazi afundishe fizikia. Aombe saa moja ambayo mtoto hatatumwa dukani wala kuachiwa mdogo wake, aombe karatasi zirudi, na aulize mtoto anakwama wapi. Na mtajie mzazi jambo ambalo wengi hawajaelezwa: katika mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza na S.1 mwaka 2020, kazi za darasani na za mradi zinachangia asilimia 20 ya matokeo ya UCE, mtihani wa taifa wa mwisho wa S.4. Karatasi iliyofungiwa maandazi leo ni alama ya S.4 kesho kutwa. Nimeona wazazi waliokuwa wakimwita mtoto shambani saa nne asubuhi wakibadilisha ratiba baada ya kusikia hilo tu.

Kwa wasio na simu kabisa, nao hawakosi, tumieni duka au kinyozi aliye njiani mtoto anapopita, na mjulisheni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mwaka 2020 vifurushi vya kujisomea vya NCDC, kituo cha taifa cha mitaala, vilipita mikononi mwa viongozi wa mitaa, kwa hiyo jambo hili si geni kwao.

Bodi ikibaki na hamu ya mfumo, mwite muuzaji muhula ujao umuulize mbele yao: mzazi mwenye simu ya batani atapata nini? Ujumbe usipofika mtauona wapi, na kwa namba ipi? Laini za 254 zinapokea, kwa bei gani? Tukiacha kulipa, tunaondoka na data yetu kwa faili linalofunguka kwenye Excel? Na ofisi yake imesajiliwa kwenye Ofisi ya Ulinzi wa Data Binafsi? Akijibu la kwanza kwa kusema wazazi wote siku hizi wana simu janja, mshukuruni kwa muda wake.

Anzeni na S.1 peke yake wiki hii, siku mbili za kuhakiki namba getini wakati wa kuwachukua watoto. Kisha tuma ujumbe mmoja wa majaribio uhesabu ulioshindwa kufika, na Jumatatu inayofuata uhesabu watoto wa getini. Niandikie hizo idadi mbili, majina baki nayo, nami nitakuambia kama tatizo lililobaki ni la namba au la kitu kingine.