Muulize Bibi wa Ujiji: Kifaransa cha mizani, Kiha cha zahanati

*Shikamoo Bibi. Nina miaka 43, nauza dagaa na migebuka mikavu hapa Kibirizi. Kiha ni cha nyumbani, Kiswahili ndicho cha kazi. Wateja wangu wa Kalemie na Uvira, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, tunaelewana vizuri kwa Kiswahili chao, lakini ikifika kwenye bei wanageukiana wanasemezana Kifaransa, na mimi nabaki nawaangalia midomo. Nimesema nijifunze. Mwanangu wa kidato cha pili ananiambia lugha ni za watoto, mimi wakati umepita. Ni kweli?*
*Mama Dagaa, Kibirizi*

Marahaba mwanangu. Si kweli, na huyo mjukuu wangu mwelekeze taratibu, maana hakulitoa hewani, wengi wanaliamini.

Mwaka 1978 watafiti wawili, Catherine Snow na Marian Hoefnagel-Höhle, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya Uholanzi. Waliwafuatilia watu wanaosema Kiingereza waliohamia huko na kuanza Kiholanzi, wadogo kwa wakubwa. Katika miezi ya mwanzo waliokwenda mbio ni vijana wa miaka 12 hadi 15 pamoja na watu wazima. Watoto wa miaka 3 hadi 5 ndio waliokuwa nyuma kabisa. Mtu mzima anajua kuuliza, anajua kupanga, na kama wewe, ana lugha mbili kichwani za kulinganishia. Watoto wanatupita baadaye, kwenye kuikamilisha lugha mpaka asijulikane mgeni nani. Utafiti mwingine wa mwaka 2018, uliokusanya majibu ya watu karibu 670,000 kuhusu Kiingereza, ulionyesha kwamba uwezo wa kushika sarufi unakaa na nguvu hadi miaka 17 hivi, kisha unashuka. Kwa hiyo pengine mtu wa Kinshasa hatadhani ulizaliwa mtaa mmoja naye. Lakini wewe unataka usipunjwe kwenye gunia la dagaa, na hilo linawezekana kabla mwaka haujaisha.

Mimi mwenyewe Kifaransa nilikishika nikiwa mama wa watoto wawili, kwa jirani Mrundi aliyekuwa anashona nguo hapa Ujiji, ndipo baadaye nikaenda kukisomea na kukifundisha. Najua ninachokuambia.

Anza na hesabu. Salamu na "jina langu nani" viache kwanza, maana kwa Kiswahili mnasalimiana tayari. Shika moja hadi mia, kisha mia kwa mia, kisha elfu. Na hapa uwe macho. Vitabu na programu nyingi za simu zinafundisha Kifaransa cha Ufaransa, ambako 70 ni soixante-dix, yaani sitini na kumi, na 90 ni quatre-vingt-dix, yaani ishirini mara nne na kumi. Wakongo na Warundi walikipata Kifaransa kwa Wabelgiji. Kwao 70 ni septante, 90 ni nonante, na 80 tu ndiyo inabaki quatre-vingts. Nimewaona vijana waliosoma kwa bidii wakisimama pale ufukweni wanaisubiri soixante-dix, mteja ameshataja septante na ameshaondoka.

Ukimaliza hesabu, chukua maneno ya mzigo: kilo, gunia, kavu, bichi, mzima, aliyevunjika, punguza, ongeza, juu, chini. Hayo mawili ya mwisho yatakusumbua, nayo ni ya lazima wakati wa kupakia boti. Juu ni dessus, chini ni dessous. Tofauti yote iko kwenye sauti ya mwisho. Dessous inaishia kwa "u" yetu ya kawaida. Kwa dessus, sema "i", ulimi ubaki pale pale, halafu chongoa midomo kama unataka kupiga mluzi. Sauti itakayotoka ni ngeni kwa Kiha na kwa Kiswahili, na midomo yako itachoka siku za mwanzo. Fanya hivyo ukiwa unaanua dagaa, hakuna atakayekuuliza.

Mwalimu unaye tayari. Kati ya hao akina mama wa Kalemie yupo mmoja mnayeaminiana. Muombe akurekodie namba na hayo maneno kwenye simu yako, kwa sauti yake. Sikiliza jioni, kesho yake rudia, pitisha siku tatu urudie, kisha wiki. Mtafiti wa kumbukumbu, Hermann Ebbinghaus, alionyesha tangu mwaka 1885 kwamba tunachojifunza kinatutoka haraka sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyoachanishwa yanashinda ya kukaa mara moja ukakariri hadi kichwa kiume. Na usiwaogope wateja. Wengi wao Kifaransa walikikuta shuleni, nyumbani ni Kibembe, Kitabwa au Kiswahili. Wanajua kazi uliyoianza.

Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, Burundi ilishaingia 2007. Wateja hao hawapungui mwanangu, wanaongezeka. Anza wiki hii.

*Bibi shikamoo. Mimi ni muuguzi, kwetu Machame, nimepangiwa zahanati ya kijijini huku Kasulu. Wagonjwa wangu wazee, hasa akina bibi, wanasema Kiha tu. Wanakuja na wajukuu wa kuwatafsiria. Niwaombe wajifunze Kiswahili, au mimi ndiye nijifunze Kiha? Nikihamishwa si itakuwa kazi bure?*
*Muuguzi, Kasulu*

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana hao akina bibi ni wenzangu.

Jifunze wewe. Bibi wa miaka 75 anayetokwa na damu asikotarajia hatalisema hilo kupitia mdomo wa mjukuu wa kiume wa darasa la tano. Atasema kichwa kinamuuma. Utaandika kichwa, utampa dawa ya kichwa, atarudi nyumbani na ugonjwa wake. Hapo lugha inakuwa sehemu ya matibabu, kama kipimo cha presha. Kuhusu kuhamishwa, mama yule anaumwa leo.

Una mtaji kuliko unavyodhani. Kimachame na Kiha zote ni lugha za Kibantu. Majina yanakaa kwa makundi, na kitendo kinabeba mtenda na wakati ndani ya neno moja, kwa hiyo mifupa ya lugha unaijua. Kitakachokupa taabu ni kidatu: Kiha kinapandisha na kushusha sauti, na silabi zile zile zikipandishwa pengine zinaweza kuwa neno jingine. Usijifunze kwa kuandika peke yake. Sikia kwanza, rudia, mwache mwenye lugha akurekebishe, ndipo uandike.

Vitabu vya Kiha ni vichache, lakini Kirundi kina kamusi na maandishi mengi, na lugha hizi mbili ni ndugu wa karibu sana. Tumia Kirundi kukumulikia njia, ila neno la mwisho liwe la mama wa Kasulu. Asubuhi wasalimie wazee "mwakeye", mchana "mwidiwe". Umbo hilo ni la wingi, ndilo lenye heshima hata kwa mtu mmoja. Kisha viungo vya mwili, kisha maswali kumi unayoyauliza kila siku: wapi panauma, tangu lini, umekula, unapata choo, unatokwa na damu. Mhudumu wenu wa zahanati, kama ni mwenyeji, ndiye wa kukufundisha. Na siku ya kliniki, foleni ikiisha, kaa benchi moja na akina mama hao. Usikimbilie kuongea.

Jambo moja nalisisitiza. Mpaka Kiha chako kikomae, kwenye maelezo ya dozi na kwenye habari nzito mtafute mwanamke mtu mzima akutafsirie, na mgonjwa amkubali. Mtoto asibebeshwe kazi hiyo. Mwambie mgonjwa akurudilie kwa maneno yake namna atakavyomeza dawa, usikilize kama idadi na nyakati ni zile ulizompa.

*Bibi, nasoma Kifaransa mwenyewe hapa Tabora. Nitapataje cheti kinachokubalika?*
*Kijana, Tabora*

Ulizia mtihani wa DELF, unaotolewa kwa niaba ya wizara ya elimu ya Ufaransa. Una ngazi nne, A1, A2, B1 na B2, na unaweza kuingia ngazi yoyote bila kupitia zile za chini. Unapimwa kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, kila sehemu alama 25. Unafaulu kwa 50 kati ya 100, mradi hakuna sehemu uliyopata chini ya 5. Cheti hakiishi muda. Vituo vya Kifaransa vya Alliance Française vipo Dar es Salaam na Arusha, waandikie wakupe tarehe na ada za sasa. Unayesoma peke yako utakuwa umeacha nyuma kusikiliza na kuongea, kwa hiyo tafuta Mrundi au Mkongo wa kuzungumza naye kabla hujalipa.