Uso wa nyanya umegeuka kijivu

SWALI: Ninadarizi picha ya nyanya yangu kwa mshono wa msalaba, kitambaa ni aida ya 14 (cha miraba, misalaba 14 kwa kila inchi). Programu ya simu iliyogeuza picha kuwa mchoro wa kushona ilinipa rangi 58. Nimemaliza shavu moja, na badala ya maji ya kunde naona majivu, na kivuli cha pua kimekuwa shimo. Nifumue yote?
Msomaji, Kondele, Kisumu

JIBU: La, fumua kivuli cha pua kwanza, ukikata misalaba kutoka upande wa nyuma. Sehemu za giza kwenye picha huwa na rangi hafifu, kwa hiyo programu huzibandika uzi wa kijivu au mweusi. Lakini kivuli cha ngozi yetu ni kahawia iliyokolea. Kwa namba za DMC, kampuni ya nyuzi za kudarizi, shuka hivi kutoka mwanga hadi giza: 436, 435, 434, 433, 801, 898, 938, 3371. Nane hizi zinatosha sehemu kubwa ya uso. Hizo 58 hukuletea misalaba ya rangi mojamoja iliyotapakaa kama simsim, na jicho halioni shavu tena. Nyeusi, 310, iwekee mboni tu.

Usichague kwa jina la rangi. Angalia mwanga na giza. Panga nyuzi mlangoni pa duka, si chini ya taa, uzipige picha ya simu isiyo na rangi. Mbili zikifanana, moja haina kazi. Zikiachana mno, tia sindanoni unyuzi mmoja wa kila rangi, mfano 801 na 433; upate rangi ya katikati bila kununua nyingine.

Shavu likibaki baridi, badilisha misalaba michache ya 433 kwa 400, yenye wekundu wa kutu. Ng'aro ya paji la uso isipite 437. Nyeupe ya jicho nayo ni mtego: ukiweka nyeupe kamili, nyanya ataonekana ameshtuka. Tumia 822, na nukta moja tu nyeupe kwenye mboni.

Fundo moja la uzi, la mita 8 na lenye nyuzi sita, ukishona kwa nyuzi mbili, hutoa takriban misalaba 1,500. Hesabu miraba ya kila rangi, ununue mafundo yote siku moja: namba ile ile ikitoka pipa jingine la rangi, huonekana kama mstari katikati ya paji. Na kabla ya kufumua zaidi, simama hatua nne kutoka kwenye kitambaa. Ukiwa karibu, hata kazi nzuri huonekana viraka.