Nani analipa kahawa ya kijiwe?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Kijiweni kwetu Mbagala tumebishana mpaka muuza kahawa akabeba dele lake akaondoka. Mwenzetu anasema kuna rais wa zamani wa Marekani aliyetoka Ikulu akaenda kugombea ubunge. Nikamwambia haiwezekani, mtu aliyekwisha kupigiwa mizinga hawezi kurudi kunyoosha mkono aombe kusema. Tumewekeana kahawa na kashata za kijiwe kizima. Nani analipa?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Marahaba, mwanangu. Andaa hela.

Mwenzako anamsema John Quincy Adams, rais wa sita. Usimchanganye na baba yake, John Adams, wa pili. Mimi mwenyewe niliwahi kuwachanganya mbele ya Kidato cha Tatu, na darasa likanicheka muhula mzima.

Urais wake haukuwa na utamu. Mwaka 1824 Andrew Jackson alimzidi kwa kura, lakini hakuna aliyefikisha wingi uliotakiwa, kwa hiyo Baraza la Wawakilishi likaamua, likamchagua Adams. Henry Clay, aliyemuunga mkono, akapewa uwaziri wa mambo ya nje. Watu wakanong'ona, na minong'ono ile haikumtoka miaka minne yote. Mwaka 1828 Jackson akamwangusha. Na tuseme kweli, Adams hakuwa mtu wa watu: mkavu, mkali, anajua kila kitu na anataka ujue kwamba anajua.

Basi mwaka 1831 akaingia Bunge kama mbunge wa kawaida wa Massachusetts, akakaa miaka 17. Hapo ndipo ninapompendea.

Wananchi walikuwa wakipeleka maombi ya kupinga utumwa. Mwaka 1836 wabunge wakaweka kanuni: ombi lolote la namna hiyo liwekwe kando, lisijadiliwe. Adams akawa anasimama nalo hivyo hivyo. Wanampigia kelele, anakaa. Kesho anasimama na jingine. Walijaribu hata kumpitishia azimio la kumkemea, wakashindwa. Kanuni ikafutwa mwaka 1844. Kwa hiyo la kunyoosha mkono hukukosea, ila yeye hakuona haya kuunyoosha.

Halafu kuna kesi ya meli Amistad. Mwaka 1839 Waafrika waliokamatwa upande wa Sierra Leone na kuuzwa Kuba waliasi baharini, wakiongozwa na Sengbe. Wahispania wawili waliachwa hai waelekeze chombo kurudi Afrika. Mchana walifuata mashariki, usiku wakigeuza kaskazini, hadi wakatokea pwani ya Marekani, na waasi wakatiwa jela. Adams, mzee wa miaka 73, akasimama Mahakama ya Juu pamoja na wakili Roger Baldwin kuwatetea. Machi 1841 mahakama ikasema ni watu huru. Waliobaki hai, 35, wakarudishwa kwao.

Miaka ile ile, wafanyabiashara wa Salem, mji wa jimbo lake hilo hilo, walikuwa Unguja wakinunua pembe za ndovu na sandarusi, wakituuzia kitambaa ambacho bibi yangu alikiita merikani mpaka anaingia kaburini. Na soko la watumwa la Unguja lilikuwa wazi bado, lilifungwa 1873. Nikifundisha Amistad nilikuwa nawaambia wanafunzi waiangalie na bahari yetu.

Ubunge wenyewe hakuustaafu. Tarehe 21 Februari 1848 alipaza sauti kupinga azimio la kuwatunuku maofisa wa vita dhidi ya Meksiko, vita ambayo hakuitaka tangu mwanzo, na muda mfupi baadaye akaanguka pale pale kwenye kiti chake. Wakamlaza chumba cha Spika. Akafa siku mbili baadaye, jengo lile lile, akiwa na miaka 80.

Mwenzako mwambie kashata yangu iwe ya nazi.