Eti fundi wa maabara ni muosha chupa?

SWALI: Shikamoo mama. Nimemaliza kidato cha nne, kemia nina C, fizikia D. Natamani kusomea ufundi sanifu maabara, nije nifanye kazi chuoni kama wewe. Mjomba anasema nitaishia kuosha chupa za watu. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu. Chupa utaosha, mjomba hajakudanganya. Na uzioshe kweli, maana bureti, ule mrija wa kioo wenye vipimo na koki chini, ikiwa na mafuta ndani hubakiza matone ukutani na majibu ya mwanafunzi yanaharibika palepale. Ila kazi yenyewe hufanyika jana yake, kabla hajaingia mtu.

Tuseme kesho kuna taitresheni ya wanafunzi 60, yaani jaribio la kupima nguvu ya asidi na besi kwa kuzichanganya kidogo kidogo. Natengeneza lita 10 za asidi haidrokloriki ya 0.1 M (M ni molari, kipimo cha wingi wa kemikali katika kila lita). Ile kali ya asilimia 37 zinatosha mililita 84 hivi. Naipimia ndani ya kabati la kufyonza moshi, kisha naimimina kwenye maji. Maji hayamiminwi kwenye asidi kali. Sodiamu haidroksaidi, ambayo ndiyo besi yetu, ni gramu 40 kwa lita 10 nyingine, na hapo uwe mwepesi. Vile vipande vyeupe hunyonya unyevu wa hewani. Viache kwenye mizani upokee simu, ukirudi vimeloa na namba imepanda. Ndiyo maana siiamini mizani peke yake. Jioni nafanya jaribio zima mwenyewe: mililita 25 za besi, matone mawili ya fenolfthalini inayoipa besi rangi ya waridi, nafungulia asidi mpaka ile rangi ya waridi ipotee. Bureti ikisoma 25 au karibu yake, asidi na besi zina nguvu sawa, nafunga mlango. Ikisoma 22, narudi kwenye hesabu, hata kama daladala zimeanza kuadimika.

Jaribio likikubali anasifiwa mhadhiri, likigoma anaitwa fundi. Uzoee.

Kuhusu masomo, stashahada ni miaka mitatu, hadi ngazi ya 6 ya NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi. DIT, Taasisi ya Teknolojia pale Dar es Salaam, wanafundisha Sayansi na Teknolojia ya Maabara. Usichanganye na maabara za afya, wengi hupotelea hapo: ile ni fani ya hospitali, ina baraza lake la usajili. Hiyo D ya fizikia isikutishe kabla hujasoma mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, kila kozi imeandikiwa sifa zake.

Wakati unasubiri, nenda shule uliyosoma umwombe mwalimu wa kemia umsaidie kupanga kabati la kemikali. Ukichoka siku ya kwanza, mjomba atakuwa na hoja.