Never Alone: wachezaji wawili na yule mbweha

Kama unajiuliza gemu hili la Never Alone linachezeka na watu wawili, ndio, wawili mnacheza kwa skrini moja, mmoja anashika binti anaitwa Nuna na mwingine mbweha mweupe, na huyo mbweha si wa kupambia tu, ndo anaparamia kuta ambazo Nuna hafiki na ndo anaziita roho ziwe ngazi ya mwenzie kukanyaga. Nimeimaliza na mdogo wangu, tulikuwa tunagombania mbweha kila siku. Upepo ukivuma lazima mjibanze chini wote wawili la sivyo mmoja anapeperushwa, na kuna dubu mweupe anawakimbiza mwanzoni kabisa, hapo ukizubaa kidogo umeliwa.

Na kama unadhani hadithi yake ni ya kutunga tu, hapana, gemu lilitoka 2014 na wametengeneza pamoja na wazee wa Iñupiat, wenyeji wa asili wa Alaska, msingi wake ni hadithi yao ya zamani, hata msimulizi anaongea Kiñupiaq, lugha yao yenyewe, we unasoma maandishi chini. Ukiendelea unafungua vivideo vifupi vya wenyeji wakieleza maisha ya kule, barafu, wanyama, uwindaji, mi naona hivyo ni vitamu kuliko gemu lenyewe.

Ila kama mtoto ni mdogo sana kaa naye karibu, katikati mbweha anauawa. Harudi kama mbweha, anarudi kama roho ya mvulana, lakini mdogo wangu alishalia kitambo.