Barua kwa mwanangu: Uyole au Mafiati?

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Kazi ni Iyunga, jijini Mbeya, unaripoti mwezi ujao, na dalali amekutumia picha za vyumba viwili: cha Uyole 50,000 kwa mwezi, cha Mafiati 70,000. Unauliza ulipie kipi. Kwa picha tu usilipie hata kimoja. Miaka ya Tanga imekuzoesha kuangalia feni na vigae. Huku chumba kinapimwa kwa dari, dirisha na mita ya umeme.

Dari kwanza. Chumba chenye bati tupu, usiku wa Juni na Julai hakina tofauti na kulala uani, na alfajiri mvuke wa pumzi zako unageuka maji chini ya bati na kukudondokea kitandani. Dari ikiwepo, tafuta madoa ya kahawia. Hapo ndipo mvua inapopenya. Kisha pitisha mkono ukutani usawa wa goti. Rangi ikibanduka na kuacha unga mweupe, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na kabati ukiliegemeza hapo nguo zitaota ukungu. Dirisha zuri ni lile linaloangalia mlima Loleza, kwa sababu miezi ya baridi jua linapita upande wa kaskazini, na mlima uko huko huko. Linaloangalia kusini miezi hiyo halioni jua.

Uyole iko juu, karibu mita 1,800, kwa hiyo baridi yake ni kali kuliko mjini. Ukishuka kuelekea Mbalizi unaanza kuvua sweta. Halafu Iyunga iko upande wa pili wa jiji. Utavuka mji mzima asubuhi na jioni kwenye barabara ile ile ya malori ya Tunduma, na lori moja likiharibika njiani, foleni haina pa kukwepea. Chukua tofauti ya nauli ya siku, zidisha kwa siku 26 za kazi, uone ile 20,000 inabaki ngapi. Mimi naelemea Mafiati, ila sharti mita ikubali.

Hilo la mita ndilo linalowamaliza wageni. Uliza: wapangaji wangapi wanatumia mita moja? Kwenye kundi la matumizi madogo, uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo. Zikizidi hapo, kila uniti ni shilingi 350. Mtu mmoja anayejibana hafiki 75. Wapangaji watano kwenye mita moja wanazimaliza mapema, na siku zilizobaki wote mnanunua kwa bei ya juu, hata wewe mwenye taa moja na simu. Mita yako peke yako, hata kama pango limezidi kidogo, inajilipa. Kuna pia kodi ya jengo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inayokatwa mnaponunua umeme. Hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Mkubaliane mapema ataifidia vipi kwenye pango.

Maji ya kuoga utayachemsha, usijidanganye. Ndoo ya lita 20, kuitoa nyuzi 15 hadi 40, inakula uniti 0.6 hivi, hita ya wati 1,500 inafanya kazi hiyo kwa kama dakika 25. Kwa mwezi ni uniti 18. Ining'inize kwenye kijiti kilicholazwa juu ya ndoo, isiguse plastiki, maji yaifunike ndipo uchomeke. Kabla ya kuonja maji kwa kidole, chomoa. Kuzima swichi tu hakutoshi, maana nyumba nyingine waya zimefungwa kinyume.

Jiko la mkaa usilale nalo ndani. Sio "ukifungua dirisha kidogo", sio "mkaa ukishakuwa mwekundu". Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na mtu huanza kwa kichwa kuuma na miguu kulegea, akidhani ni uchovu. Pashia chumba joto ukiwa macho, mlango wazi, kisha litoe. Nunua blanketi mbili nzito za mtumba pale Mwanjelwa, zitakutosha.

Nguo hazitakusumbua wakati wa baridi, maana Juni hakuna mvua na kuna jua na upepo. Zitakusumbua Januari hadi Machi. Jinzi fua Jumamosi asubuhi, la sivyo Jumatatu utaivaa mbichi.

Jikoni utashangaa maharage. Kwa mwinuko wa huku maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100, kwa hiyo yanachelewa kuiva, na kuongeza moto ni kupoteza gesi tu. Loweka usiku kucha, mwaga maji, chemsha ya siku nne kwa mpigo. Yaliyokaa ghalani mwaka mzima hayalainiki hata uyabembeleze.

Sokoni vipimo ni sado, lile kopo la lita nne, na debe. Sado tazama kitako: kikiwa kimebonyezwa kuelekea ndani, kinakula chako. Mchele, kila muuzaji atakwambia ni wa Kyela. Tafuna punje chache: mpya unanata menoni na utataka maji kidogo, wa zamani unavunjika mkavu.

Pango wengi wanadai la miezi sita. Omba mitatu, asipokubali, mkataba uandike namba ya mita, namba iliyosomeka siku unapoingia na nani anatengeneza bati. Dalali naye ana chake, kwa kawaida kodi ya mwezi mmoja, mpe ukiwa na funguo mkononi.

Tarehe ya kuhamia ukiijua nitumie. Maharage mapya nitayapakia kwenye Kosta ya asubuhi kutoka hapa Tukuyu, usinunue.

Mama yako