Bahasha ya kura Hamilton, usifanye kama mimi

Wabongo wenzangu mlioko Hamilton, na New Zealand yote kwa ujumla, 2022 nilipiga kura ya madiwani kwa mara ya kwanza huku na nikaiharibu, mi niliyekuwa najifanya mjuaji. Huku hakuna foleni wala wino kidoleni, karatasi zinakuja kwa posta unajaza mezani kwako. Basi nikatia tiki kwa majina sita niliyoyapenda, nikalamba bahasha, kwisha. Kumbe jiji mwaka ule ndo lilianza mtindo wa namba, unaandika 1 kwa unayemtaka zaidi, 2 anayefuata, mpaka utakapochoka. Tiki ni kwa wale wa halmashauri ya mkoa, Waikato, na zote zimo bahasha moja! Kwa hiyo kila karatasi soma maelekezo yake, usiige ya juu.

Halafu usisubiri uraia, ukiwa na ukaazi na umeshaishi mwaka mzima mfululizo jiandikishe.

Sasa hili la kata za Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, ndo watu wetu wanalichanganya kabisa. Wengi wanadhani ni kama viti maalum vya nyumbani, mtu anapewa tu na chama. Hapana, madiwani wa kata hizi wanagombea na kupigiwa kura kama diwani yeyote, ila wapiga kura wao ni Wamaori waliochagua kuwa kwenye daftari la Wamaori. Hata mi nilimuuliza mama mmoja jirani yangu, Mmaori, kwa hiyo wewe unapiga kura mbili? Akacheka mpaka akakaa chini, akanionyesha karatasi yake, ana orodha ya kata yake, ya kwangu hana. Kura ni ileile moja, meya tu ndo tunachagua wote.

Oktoba 2025 kwenye bahasha kukawa na swali la ziada, kata hizi zibaki au ziondoke kuanzia uchaguzi wa 2028. Serikali ilibadilisha sheria 2024, halmashauri 42 zikaenda kwenye kura ya maoni na zaidi ya nusu zikasema ziondoke. Mimi nilijibu zibaki, na sababu yangu ni moja, kata za wakulima huko vijijini sheria haizilazimishi kupigiwa kura ya maoni, kwa nini ya hawa wenye ardhi yao ndo ijadiliwe na kila mtu, hata mimi niliyeshuka kwenye ndege juzi? Wewe unaweza kuona tofauti, sawa, ila jibu, maana nawajua watu waliojaza meya tu wakaliacha swali tupu.

Na kufunga ni Jumamosi saa sita mchana, sio jioni. Wiki ya mwisho posta usiiamini, tafuta boksi la rangi ya chungwa supamaketi. Safari hii nilienda na mama jirani kwa gari langu, njia nzima ananiuliza, namba umeandika au tiki?